Kosa, Jinai na Hatia: Dhana za Msingi za Uhalifu na Mfumo wa Haki ya Jinai wa Marekani

Utangulizi

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye shahada ya kwanza, na ambaye sasa anaishi Marekani, hujipatia riziki yake kwa ukalimani. Mahakama humpigia simu panapotokea mshtakiwa au shahidi anayezungumza Kiswahili na asiyekijua Kiingereza, na wengi wa hao ni wakimbizi kutoka mashariki mwa Kongo waliopewa makao nchini humo. Mwaka jana aliniletea orodha ya maneno kumi na mawili ya sheria akiniomba nimtafutie visawe. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Siku tatu baadaye nilikuwa nimemaliza maneno manne, na hata hayo manne sikuyaamini.

Kilichonishinda hakikuwa uhaba wa msamiati. Kiswahili kimejaliwa maneno tele ya uwanja huu: sheria yenyewe, mahakama, hakimu, wakili, shahidi na dhamana, yote tumeyapokea kutoka Kiarabu, jaji na jela tumeyapata kwa Waingereza, na gereza, kwa maelezo yaliyozoeleka, lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kilichonishinda ni kuwa sikuzijua dhana zenyewe. Kama wengi wa rika langu, nimeijua mahakama ya Marekani kwa njia ya filamu. Makala haya, basi, yanakusudia kueleza dhana za msingi za jinai na namna mfumo wa haki ya jinai wa nchi hiyo unavyofanya kazi, bila kuliacha nyuma suala la lugha lililotufikisha hapa.

Kosa na jinai

Tuanze na neno kosa, maana ndilo lililonitia mashakani kwanza. Asili yake ni ya Kibantu na linahusu kupungukiwa au kutofikia: mtu hukosa shabaha, hukosa chakula, hukosa adabu. Mwanafunzi hufanya kosa la kisarufi, na mwizi hufanya kosa la jinai. Hatia nayo, tuliyoichukua kutoka Kiarabu, inatokana na mzizi unaobeba wazo lilo hilo la kutopata shabaha. Hivyo lugha yetu imeyatia katika kapu moja mambo ambayo sheria huyatenganisha kwa ukali.

Jinai, kwa maana ya kisheria, ni tendo lililokatazwa na sheria ya dola na likawekewa adhabu. Si kila ovu ni jinai. Anayemdanganya mchumba wake ametenda uovu, lakini hakuna polisi atakayemfuata. Aidha, sheria haina budi kutangulia tendo. Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 inakataza kutungwa kwa sheria ya leo ili kumwadhibu mtu kwa alilolitenda jana lilipokuwa halali.

Jambo la pili, ambalo msomaji wa Kenya huenda akaliona la ajabu zaidi kuliko wanasheria wanavyoliona, ni kwamba katika jinai aliyekosewa ni dola. Kesi ya California huandikwa kwa jina la watu wa jimbo hilo dhidi ya mshtakiwa. Ile ya serikali ya shirikisho huandikwa kwa jina la Marekani. Aliyeibiwa au aliyejeruhiwa ni shahidi tu. Hawezi kuiondoa kesi mahakamani kwa kuwa amelipwa mbuzi watatu na kuombwa radhi. Anayeamua kama kesi itaendelea ni kiongozi wa mashtaka. Akitaka fidia yake mwenyewe, hufungua kesi ya madai, ambayo ni mlango mwingine kabisa.

Milango hii miwili inaweza kutoa majibu mawili. Mnamo Oktoba 1995, juri la Los Angeles lilimwachilia O. J. Simpson, aliyekuwa mwanakandanda mashuhuri wa Kimarekani, katika mashtaka ya kumuua aliyekuwa mkewe na mwanamume mmoja. Mwaka 1997 juri lingine, katika kesi ya madai iliyofunguliwa na jamaa za marehemu, lilimwona kuwa ndiye mwenye kuwajibika kwa vifo hivyo na kuamuru alipe jumla ya dola milioni 33.5. Wengi walidhani kwamba mojawapo ya mahakama ilikosea. Si lazima iwe hivyo. Katika jinai sharti mashtaka yathibitishwe pasi na shaka ya maana, ilhali katika madai yatosha upande mmoja wa mizani uwe mzito kuliko mwingine. Ushahidi ule ule unaweza kuinamisha mizani bila kuifukuza shaka.

Hapa lugha inatutega tena. Juri la Marekani halisemi kwamba mtu ni safi. Husema kwamba hakupatikana na hatia. Magazeti yetu hupenda kuandika kuwa mahakama imesema fulani hana hatia. Hakupatikana na hatia na hana hatia si sentensi moja, na Kiswahili kwa bahati njema kinaweza kuzitofautisha bila taabu, ila tu mwandishi akitaka.

Tendo na nia

Kwa kawaida jinai huwa na nguzo mbili: tendo na nia. Nia peke yake haiadhibiwi. Mtu anaweza kulala usiku kucha akipanga kumwibia jirani. Maadamu hajachukua hatua yoyote, sheria haina neno naye. Hali kadhalika, hali ya mtu haiwezi kufanywa kosa. Mwaka 1962, katika kesi ya Robinson dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa sheria ya jimbo iliyofanya uraibu wa dawa za kulevya kuwa jinai. Jimbo laweza kumwadhibu mtu kwa kuuza au kumiliki dawa hizo, yaani kwa kutenda. Haliwezi kumwadhibu kwa kuwa alivyo. Kwa mwanafunzi wa sarufi, tofauti hiyo ni ya vitenzi viwili tu, lakini juu ya vitenzi hivyo viwili umesimama uhuru wa mtu.

Kuhusu nia, taasisi ya wanasheria ya Marekani ilichapisha mwaka 1962 mfano wa kanuni ya adhabu ambao majimbo mengi yaliuazima, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Kanuni hiyo iliipanga nia katika ngazi nne. Tuchukue mtu aliye juu ya ghorofa na tofali mkononi. Akilitupa akitaka limwangukie adui yake, ametenda kwa kusudi. Akilitupa kwa sababu nyingine, kwa mfano kuvunja gari lililo chini, huku akijua kwa hakika kwamba kuna mtu ndani yake atakayeumia, ametenda kwa kujua. Akijua kwamba watu hupita pale na huenda mmoja akaumia, lakini akalitupa vivyo hivyo, ameidharau hatari. Na ikiwa hakuwaza kabisa kwamba kuna wapitao, ingawa mtu yeyote mwenye busara angewaza, huo ni uzembe. Maiti ni moja, tofali ni moja. Ila kosa la kwanza laweza kumfunga maisha na la mwisho likamfunga miaka michache tu.

Nilipomweleza rafiki yangu ngazi hizi aliniambia jambo lililonishughulisha. Kwa Kiswahili cha kawaida, hasa kile cha Kongo anachokisikia kwenye simu, mtu husema sikufanya makusudi akiwa na maana ya yoyote kati ya ngazi tatu za chini. Mkalimani akitafsiri maneno hayo kana kwamba ni kukana kila aina ya nia, amemtetea mshtakiwa kupita alivyojitetea mwenyewe. Akiyatafsiri kama kukiri uzembe, amemhukumu.

Makosa yenyewe hugawanywa kwa uzito. Kwa ujumla, kosa zito ni lile linaloweza kumpa mtu kifungo kinachozidi mwaka mmoja, na kosa dogo ni lile lisilozidi hapo. Mgawanyo huu unaamua hata mahali pa kufungiwa. Wamarekani wana nyumba mbili za wafungwa: moja ya kaunti, ambamo hukaa wanaosubiri kesi na wenye vifungo vifupi, na nyingine ya jimbo au ya shirikisho kwa wenye vifungo virefu. Sisi tuna jela na gereza, nasi tunayatumia kama visawe. Ningependekeza jela ibaki kwa ile ya kwanza na gereza kwa ya pili, ingawa najua kwamba wazungumzaji hawangoji mapendekezo ya wanafunzi wa uzamili.

Mfumo usio mmoja

Husemwa mfumo wa Marekani kana kwamba ni mmoja. Kila mojawapo ya majimbo 50 ina kanuni yake ya adhabu, mahakama zake na magereza yake, na juu ya hayo pana mfumo wa serikali ya shirikisho, bila kutaja mahakama za kijeshi na zile za mataifa ya Wenyeji wa Marekani. Sehemu kubwa mno ya kesi za jinai husikizwa katika majimbo. Tendo moja likivunja sheria ya jimbo na ya shirikisho kwa pamoja, mtu anaweza kushtakiwa pande zote mbili licha ya Katiba kukataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilo hilo. Mahakama ya Juu iliurudia msimamo huo mwaka 2019, katika kesi ya Gamble, kwa hoja kwamba jimbo na shirikisho ni mamlaka mbili, hivyo makosa nayo ni mawili.

Jambo jingine linalowapambanua ni kura. Katika majimbo mengi kiongozi wa mashtaka wa kaunti huchaguliwa na wananchi, sherifu vivyo hivyo, na mara nyingi hata majaji. Majaji wa shirikisho ndio huteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti na kuhudumu maisha. Kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imemfanya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuwa afisa wa kuteuliwa, tena mwenye kipindi kimoja tu, ili asiwe na wa kumpigia magoti. Wamarekani waliona kuwa anayeshtaki kwa jina la watu sharti awajibike kwa watu. Mimi naona hofu yetu ina msingi zaidi kuliko tumaini lao, maana mwanasiasa anayetafuta kura ni nadra kuwaahidi wapigakura upole.

Kutoka mbaroni hadi kizimbani

Marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba yaliyoidhinishwa mwaka 1791 ndiyo kitovu cha haki za mshtakiwa. Mwanzoni yaliibana serikali ya shirikisho peke yake. Ni kwa njia ya Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868 ambapo Mahakama ya Juu ilianza kuyafikisha majimboni, na kazi kubwa ya kuyafikisha ilifanyika katika miaka ya 1960. Mwaka 1961, katika kesi ya Mapp dhidi ya Ohio, iliamuliwa kuwa ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu hauwezi kutumiwa katika mahakama za majimbo.

Kisha ikaja kesi ya Miranda ya mwaka 1966, ambayo filamu zimeifanya maarufu na kuipotosha papo hapo. Ernesto Miranda alikamatwa Phoenix, Arizona, mwaka 1963, akahojiwa na kukiri bila kuambiwa kwamba angeweza kunyamaza au kuwa na wakili. Mahakama iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kabla ya kumhoji mtu aliye mikononi mwao polisi sharti wamjulishe kuwa ana haki ya kunyamaza, kuwa atakayoyasema yaweza kutumiwa dhidi yake, kuwa ana haki ya wakili, na kuwa asipoweza kumlipa atapewa. Filamu hutufanya tuamini kwamba polisi asipoyasema maneno hayo mtuhumiwa huachiliwa. Sivyo. Kinachotupwa ni maneno yaliyotamkwa katika mahojiano hayo. Kukamatwa kwenyewe hubaki halali na ushahidi mwingine hubaki mezani. Miranda mwenyewe alishtakiwa upya mwaka 1967 bila ungamo lile, akapatikana na hatia.

Haki ya kupewa wakili ina historia ambayo mpenzi wa fasihi hawezi kuipita haraka. Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool huko Panama City, Florida, kwa nia ya kuiba. Hakuwa na fedha, akaomba wakili. Jaji alimjibu kwamba sheria ya jimbo ilimruhusu kumpa wakili mtu anayekabiliwa na adhabu ya kifo tu. Gideon akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua penseli na karatasi za gereza akaiandikia Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: mtu anayeshtakiwa kwa kosa zito hawezi kupata haki bila wakili. Kesi yake iliporudiwa mwaka huo huo, safari hii akiwa na wakili, juri lilichukua muda wa saa moja hivi kumwachilia. Riwaya zetu za upelelezi, tangu enzi ya Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kwa kawaida hukoma mhalifu anapotambuliwa. Kesi ya Gideon inaonyesha kwamba kutambuliwa ni mwanzo tu, tena yaweza kuwa mwanzo wa uongo.

Baada ya kukamatwa, mtu hufikishwa mbele ya jaji, husomewa mashtaka na suala la dhamana huzungumziwa. Hapa ndipo umaskini hubainika. Katika majimbo mengi dhamana ni fedha, na asiyekuwa nazo humwendea mfanyabiashara wa dhamana ambaye humlipia kwa ada, aghalabu asilimia 10 ya kiwango kilichowekwa, ambayo hairudishwi hata mtu akishinda kesi. Asiyeweza hata hiyo ada hubaki ndani. Kalief Browder alikuwa na umri wa miaka 16 alipokamatwa Bronx, New York, Mei 2010, kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mgongoni. Dhamana yake iliwekwa dola 3,000, na jamaa zake hawakuwa nazo. Alikaa katika kisiwa cha Rikers takriban miaka mitatu akisubiri kesi iliyoahirishwa na kuahirishwa, na takriban miwili kati ya hiyo aliipitisha katika kifungo cha upweke. Zaidi ya mara moja aliambiwa akiri apunguziwe adhabu, na hatimaye akaambiwa akiri aende nyumbani siku hiyo hiyo. Alikataa, akisema hakuiba. Mwaka 2013 mashtaka yaliondolewa. Mnamo Juni 2015 alijiua. Jimbo la Illinois liliifuta dhamana ya fedha mwezi wa Septemba 2023; mengi bado yanayo.

Kabla ya kusikizwa kwa kesi nzito ya shirikisho, mashtaka hupitishwa kwanza na juri kuu la raia 16 hadi 23, linalokutana faraghani na kuamua kama kuna sababu ya kutosha ya kumshtaki mtu. Majimbo hayalazimiki kuwa na juri hili. Juri la kesi yenyewe kwa kawaida huwa la watu 12, na tangu uamuzi wa Ramos dhidi ya Louisiana wa mwaka 2020, sharti wote wakubaliane ndipo mtu apatikane na hatia ya kosa zito, katika jimbo lolote. Neno juri nimelitumia kwa makusudi. Wapo wanaopenda baraza la wazee wa mahakama, lakini wazee wa baraza tuliokuwa nao katika Mahakama Kuu ya Kenya walikuwa washauri. Jaji angeweza kuwasikiliza na kuamua vingine. Juri la Marekani likisema mtu hakupatikana na hatia, jaji hana la kuongeza, na kiongozi wa mashtaka hana pa kukata rufaa.

Kukiri

Hayo yote, juri na hotuba za mawakili na shahidi anayebanwa kwa maswali, ni sehemu ndogo ya mambo yanavyokwenda. Katika uamuzi wa Missouri dhidi ya Frye wa mwaka 2012, Mahakama ya Juu ilitaja kuwa asilimia 97 ya watu waliotiwa hatiani katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika majimbo, walikiri. Mshtakiwa na kiongozi wa mashtaka huafikiana: huyu akiri kosa dogo au apokee kifungo kifupi, yule aache mashtaka mazito. Kenya nayo iliingiza makubaliano ya namna hii katika sheria yake ya mwenendo wa jinai mwaka 2008. Watetezi wake husema mahakama zingekwama bila makubaliano hayo, na pengine ni kweli. Lakini mtu akiambiwa achague kati ya miaka miwili ya hakika na miaka ishirini ya bahati nasibu, hata asiyetenda hujikuta akipiga hesabu.

Sheria yao hata imemwekea mahali mtu wa aina hiyo. Mbali na kukiri na kukana, anaweza, jaji akiruhusu, kusema kwamba hapingi mashtaka: ataadhibiwa kama aliyekiri, bila kutamka kwamba alitenda. Na tangu kesi ya North Carolina dhidi ya Alford ya mwaka 1970, anaweza kushikilia kwamba hakutenda na bado akaikubali hatia, kwa kuwa anaona ushahidi utamshinda. Kwa Kiswahili hilo ni gumu kulitamka bila kuonekana kujipinga. Rafiki yangu alikuwa amelitafsiri kwa neno nakubali, na neno hilo ndilo tuliloanza kulikataa. Nakubali nini: kwamba nilitenda, au kwamba niadhibiwe?

Sharti la kukiri ni kuwa mtu afanye hivyo kwa hiari na kwa kuelewa. Jaji humhoji mwenyewe, ana kwa ana, kama anaelewa haki anazoziacha. Kwa mgeni kuna zaidi. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, iliamuliwa kuwa wakili wa mtu asiye raia ana wajibu wa kumweleza kama kukiri kwake kunaweza kumfanya afukuzwe nchini. Sasa msomaji afikirie mzee aliyekimbia vita Kivu, akaishi kambini miaka mingi, na leo yuko mbele ya jaji kwa sababu ya ugomvi na jirani. Anaulizwa kupitia simu kama anakiri. Kwa adabu alizolelewa nazo, mbele ya mkubwa aliyekasirika mtu husema nimekosa, nisamehe, hata kabla ya kuulizwa alifanya nini. Hilo si ungamo. Ni salamu ya unyenyekevu. Mkalimani naye haruhusiwi kufafanua. Kazi yake ni kusema kilichosemwa.

Tulishauriana juu ya hilo kwa majuma mawili. Katika orodha niliyomrudishia, swali la jaji halina neno kosa ndani yake wala neno kubali. Linasema: Je, unasema kwamba ulifanya jambo hili uliloshtakiwa nalo, au unasema hukulifanya? Kwa wale wasiopinga niliandika: sisemi kwamba nililifanya, wala siyapingi mashtaka, niko tayari kuhukumiwa. Ni sentensi ndefu, na rafiki yangu ananiambia kwamba karani mmoja wa mahakama hulalamika kuwa Kiswahili kinachukua muda mwingi kuliko Kiingereza.